Habari za Kuwafundisha Walimu wa Kiingereza, tangu Kiungani hata Chang'ombe

Mtu akipita asubuhi katika mitaa ya Temeke, kutoka Tandika kwenda Mbagala, atawakuta watoto wa shule wakienda makundi kwa makundi, na akiwasikiliza atawasikia wakisema Kiswahili chepesi chenye mzaha, kama wasemavyo watoto wa mjini. Lakini akimwuliza mmoja wao jambo kwa Kiingereza, mara atanyamaza, au atacheka na kumsukuma mwenziwe mbele. Wazazi husema, "Walimu wa siku hizi hawajui." Sisi tulio walimu twalisikia neno hili kila mwaka, nalo latuuma. Hata hivyo, kabla ya kulikubali au kulikataa yafaa tuulize swali lililo nyuma yake: mwalimu huyo, naye alifundishwa na nani, na kwa njia gani? Habari hii ni ndefu kuliko watu wadhanivyo, na sehemu yake kubwa ilitendeka karibu nasi, katika Unguja na katika viunga vya Dar es Salaam.

Misheni ya Vyuo Vikuu ilifika Unguja mwaka 1864, baada ya kushindwa kukaa katika nchi za mto Shire. Wanafunzi wa kwanza wa Askofu Tozer walikuwa vijana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa, ambao Sultani aliwakabidhi kwake. Baadaye ikajengwa shule Kiungani, nje kidogo ya mji, ikaitwa Chuo cha Mtakatifu Andrea, nayo ikawa chemchemi ya walimu na makasisi wa misheni ile kwa miaka mingi. Hapo ndipo jarida la Msimulizi lilipoanza kupigwa chapa mwaka 1888, wanafunzi wenyewe wakiwa wapangaji wa herufi.

Twaomba msomaji aangalie hali ya lugha katika nyumba ile. Kijana mmoja alikuwa Myao, wa pili Mnyasa, wa tatu Mmakua, na lugha ya mama yake kila mmoja haikuwa lugha ya mwenziwe. Kiswahili walikuta Unguja, wakajifunza. Kiingereza kilikuja baadaye, kikawa kwa wengi wao lugha ya tatu. Kwa hiyo walipoketi mbele ya kitabu cha Kiingereza walikuwa wamekwisha kujua, kwa miili yao wenyewe, jinsi mtu anavyoihamia lugha ya watu wengine: jinsi sikio linavyotangulia ulimi, na jinsi mtu anavyokubali kuchekwa mpaka aache kuchekwa.

Na mwalimu naye alikuwa mwanafunzi. Edward Steere, aliyekuja na Tozer kisha akawa askofu baada yake, alianza kwa kuketi na watu wa Unguja na kuandika maneno yao, na kitabu chake cha kuwafundisha wageni Kiswahili kilitoka mwaka 1870. Mtu aliyekusanya hadithi na ngeli za wenyeji kwa kalamu yake alijua mahali ambapo lugha hizi mbili zinapatana na mahali zinapogombana. Twadhani kwamba hili, kuliko mbao na vitabu, lilikuwa ndilo fungu jema la Kiungani.

Lakini tangu hapo twaona pia shida ambayo haijatuacha hata leo. Kijana aliyekijua Kiingereza vema alitakiwa na serikali na wafanya biashara, awe karani au mkalimani, kwa mshahara ambao misheni haikuweza kuutoa. Wakubwa wa misheni walinung'unika mara kwa mara juu ya jambo hili. Kiingereza kikawa mlango wa kuingilia ualimu, na papo hapo mlango wa kutokea.

Upande wa Bara, wakati wa Wadachi, Kiingereza hakikuwa na nafasi. Shule za serikali zilifundisha kwa Kiswahili, na Kidachi kidogo kwa wachache. Vita vya 1914 hata 1918 vikaondoa mambo yale, Waingereza wakashika nchi. Hata mwaka 1925 chuo cha Mtakatifu Andrea kikahamishwa kutoka Kiungani, kikaletwa Minaki katika nchi ya Wazaramo, yapata kilometa 30 kutoka Dar es Salaam. Mwaka 1930 ikaanza Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki, iliyosanifu Kiswahili cha vitabu juu ya msingi wa Kiunguja, ambacho kilikuwa kimekwisha kuchaguliwa. Na mwaka 1939 zikatoka kamusi zilizotengenezwa kwa kazi ya Frederick Johnson, moja ya Kiswahili na Kiingereza, ya pili ya Kiingereza na Kiswahili. Walimu wengi wa zamani walikuwa na vitabu viwili tu mezani, Biblia na Johnson, na Johnson ndiye aliyechakaa upesi.

Utaratibu wa wakati ule ulikuwa huu. Madarasa manne ya kwanza yalifundishwa kwa Kiswahili. Baada ya hapo Kiingereza kilianza kushika masomo mengine, na katika shule za juu masomo yote yalikuwa kwa Kiingereza. Walimu nao waligawanywa. Wa Daraja la Pili walikuwa wa madarasa ya chini, na mafunzo yao yalikuwa kwa Kiswahili. Wa Daraja la Kwanza walifundishwa kwa Kiingereza ili wafundishe kwa Kiingereza. Aliyetaka kupanda zaidi alikwenda Makerere, Uganda. Ndivyo alivyofanya Julius Nyerere, aliyepata huko stashahada ya ualimu mwaka 1945, akafundisha Tabora, akaenda Edinburgh, kisha akarudi kufundisha katika chuo cha Mtakatifu Francis, Pugu, nje ya Dar es Salaam, mpaka mwaka 1955 alipoacha kazi kwa ajili ya siasa. Naye ni mmoja wa wale walioingia kwa mlango ule na kutokea kwa mlango ule ule, ingawa hatuwezi kumlaumu.

Vitabu vilivyotumika katika shule nyingi za Afrika wakati huo vilikuwa vya Michael West, aliyekuwa mwalimu huko Dacca, Bengal. Yeye aliona kwamba mtoto maskini atakayeacha shule mapema afaidika zaidi akijua kusoma kuliko akijua kusema kidogo, kwa hiyo akapanga vitabu vyake kwa maneno machache yaliyohesabiwa, yakiongezeka polepole. Jambo hili laonekana dogo. Lakini lilitokana na kumtazama mtoto kwanza: ana miaka mingapi ya shule, nyumbani kuna nini, atafanya nini baadaye.

Sasa twafika kwenye mkutano ambao walimu wengi hawajausikia, ingawa wamefundishwa kwa sheria zake. Januari 1961, mwaka ule ule ambao Tanganyika ilipata uhuru mwezi Desemba, wajuzi wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Makerere kuzungumza juu ya kufundisha Kiingereza kama lugha ya pili. Miaka thelathini na mmoja baadaye, mwaka 1992, Robert Phillipson aliyachambua mafundisho ya mkutano ule akayaona kuwa ni matano. La kwanza, Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza tu. La pili, mwalimu aliye bora ni yule aliyezaliwa na lugha hiyo. La tatu, kikianzwa mapema ndiyo heri. La nne, kikifundishwa kwa wingi ndiyo heri. La tano, lugha nyingine zikitumika sana Kiingereza kitashuka. Phillipson aliyaita yote matano kuwa ni makosa ya fikira. Sisi hatuyatupi yote kwa mkono mmoja, maana kusikia lugha kwa wingi kwafaa kweli. Lakini twataka wenzetu wafikiri juu ya la kwanza na la pili. Mafundisho haya mawili yanamwambia mwalimu wa Temeke au wa Kinondoni maneno haya: Wewe si mwalimu bora wala hutakuwa, na kile unachokijua vema kuliko mwalimu kutoka London, yaani lugha ya mtoto aliye mbele yako, kiache nje ya mlango.

Mwaka 1964 Chuo Kikuu kilihamia Mlimani, na mwaka 1965 kikafunguliwa Chang'ombe, Temeke, chuo cha ualimu cha Dar es Salaam, ili kuwaandaa walimu wa sekondari. Nchi ilikuwa na haraka. Waafrika wenye elimu walikuwa wakiitwa maofisini kushika nafasi za Wazungu walioondoka, na mwalimu wa Kiingereza aliyefaa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitwa. Katika sekondari nyingi wageni walijaza pengo.

Kisha ikaja Machi 1967, na Elimu ya Kujitegemea, na shule zote za msingi za serikali zikaanza kufundisha kwa Kiswahili hata darasa la saba. Jambo hili lilikuwa jema kwa watoto walio wengi, nasi hatutaki lirudishwe nyuma. Ila lilibadili kazi ya mwalimu wa Kiingereza, wala wachache waliliona wakati ule. Zamani, katika madarasa ya juu, mwalimu wa hesabu na mwalimu wa jiografia walikuwa nao walimu wa Kiingereza bila kuitwa hivyo. Mtoto aliisikia lugha asubuhi mpaka adhuhuri. Sasa mzigo wote ukamwangukia mtu mmoja mwenye vipindi vichache kwa juma. Mtu kama huyo alihitaji ujuzi mkubwa zaidi kuliko wa zamani.

Akapewa mdogo zaidi. Mwaka 1974, Musoma, iliamuliwa kwamba kila mtoto apate shule kufikia mwaka 1977. Walimu hawakuwapo. Basi makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa wajifunze ualimu kazini: wafundishe baadhi ya saa, wajifunze saa nyingine, wakisaidiwa na redio na masomo ya posta. Vijana hawa walifanya kazi kubwa, nasi twaiheshimu. Wengi wa watu wazima wanaosoma leo walisomeshwa nao. Lakini kijana aliyejifunza Kiingereza kama somo moja kati ya masomo mengi alipewa chaki akifundishe hicho hicho, na watoto aliowafundisha baadhi yao wakawa walimu baada yake. Tukiambiwa kwamba mwalimu wa Kiingereza hajui Kiingereza, yafaa tukumbuke kwamba kamba hii ilisokotwa kwa mikono mingi.

Mwaka 1982 tume ya Jackson Makweta ilipendekeza kwamba sekondari nazo zianze kufundishwa kwa Kiswahili tangu mwaka 1985. Haikuwa hivyo. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alisema kwamba Kiingereza ni Kiswahili cha dunia, na mwaka ule ule Waingereza wawili, Criper na Dodd, walipima hali ya Kiingereza mashuleni, wakaona kwamba ni mwanafunzi mmoja tu kwa kila kumi wa kidato cha nne aliyefikia kiasi ambacho mtu angetazamia masomo kwa Kiingereza yaanzie. Yaani walikuwa wamemaliza safari bila kufika mahali pa kuondokea. Wajuzi wale hata hivyo hawakushauri Kiingereza kiondolewe. Matokeo yake ukaanza mwaka 1987 mradi uliosaidiwa na Uingereza, uliotia nguvu katika usomaji wa vitabu vyepesi vya hadithi. Kwa maoni yetu ulikuwa na busara, maana ulirudia, pengine bila kukusudia, njia ya West. Lakini swali lenyewe lilibaki, nalo Bibi Martha Qorro na Zaline Roy-Campbell waliliandika wazi katika kitabu chao cha mwaka 1997 juu ya shida ya lugha katika Tanzania. Ni jambo moja kufundishwa lugha, na ni jambo jingine kufundishwa kwa lugha usiyofundishwa bado.

Sisi tulijifunza ualimu katika miaka hiyo ya mwisho ya karne. Chuo hatukitaji. Tulipelekwa mazoezini katika shule moja ng'ambo ya Mbagala, darasani wakiwamo watoto zaidi ya mia, wengine wakikaa madirishani. Picha ya kitabu ilionyesha mtu amelala chini ya mti. Tukauliza kwa Kiingereza anafanya nini, na darasa zima likajibu kwa sauti moja, "He has slept." Tukasahihisha, wakarudia vile vile. Tukasahihisha tena. Basi tukageuka tukasema kwa Kiswahili: "Angalieni. Nyinyi mnasema amelala, na Kiswahili chenu ni sahihi. Kwetu -me- yaonyesha hali aliyo nayo mtu baada ya tendo. Amelala, naye yungali analala. Mwingereza hapa hatazami tendo lililopita, atazama hali ya sasa." Kukawa kimya, kisha mtoto mmoja akasema, "Kumbe hatujakosea Kiswahili." Mkaguzi aliyekaa nyuma aliandika katika karatasi yetu kwamba mwalimu alitumia lugha ya nyumbani katika kipindi cha Kiingereza, akapunguza alama. Hakuandika neno juu ya amelala. Wakati ule hatukujua kwamba kalamu ile ilikuwa imetoka Makerere.

Mambo ya namna hii ni mengi, na mwalimu asiyejifunza sarufi ya Kiswahili hawezi kuyaona. Mtoto huchanganya mwanamume na mwanamke kwa sababu "yeye" ya Kiswahili haiulizi. Ukimwuliza mtoto mwenye njaa, "Hujala?" atajibu, "Ndiyo," maana anakubaliana na neno lako, akisema hivyo kwa Kiingereza, mgeni atafahamu kwamba ameshiba. Kosa lenye sababu laweza kurekebishwa kwa nusu saa. Kosa lisilotafutiwa sababu hukemewa kwa miaka saba.

Tena kuna mambo ambayo mtoto wa pwani anayo tayari. Wafaransa na Wadachi huhangaika na zile sauti mbili za Kiingereza ziandikwazo kwa herufi t na h. Mtoto wa Temeke aliyelelewa na bibi mwenye Kiswahili safi anazo zote mbili, moja katika "thelathini" na nyingine katika "dhahabu." Lakini mtoto ambaye kwao husema "selasini" na "zahabu," yeye hana budi kufunzwa. Mwalimu mwenye sikio atawaweka hao wawili pamoja katika dawati moja. Hali kadhalika watoto wengi hupita chuoni kwa mwalimu wa Kurani kabla ya shule au baada yake, na huko hujifunza kutamka kwa uangalifu mkubwa maneno ya lugha wasiyoifahamu bado. Hatusemi hili kwa dharau. Ni mafunzo ya kweli ya ulimi na ya kumbukumbu. Ila mtoto huyo akija kwetu huenda akaghani Kiingereza kwa namna ile ile, akingoja maana ije siku nyingine, na mwalimu akidhani kwamba ni mvivu atakuwa amemwonea.

Mpango wa sekondari ulioanza 2004 ulileta shule katika kata nyingi, na haraka ya Musoma ikarudi kwa sura nyingine. Wahitimu wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya majuma machache wakapelekwa darasani, na watu wa mjini, ambao hawakosi jina, wakawaita "vodafasta." Upande wa pili, shule za kulipia zikaongezeka, na katika baadhi yake ukafungwa mlangoni ubao unaoamuru Kiingereza tu. Mzazi wa Kinondoni mwenye duka dogo atajinyima ili mwanawe apite chini ya ubao ule. Twamwelewa. Lakini mara nyingi mwalimu aliye ndani ametoka katika kamba ile ile tuliyoisimulia, na ubao haukumwongezea neno.

Kwa walimu walioko kazini, Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na chenye makao yake Kinondoni, kimewafungulia wengi njia ya kujiendeleza bila kuacha darasa. Na mwaka 2005 chuo cha Chang'ombe kikageuzwa kuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kina shule za mazoezi jirani, hata mwanachuo aweza kutoka katika mhadhara na kuingia darasani kwa miguu.

Juzi alitujia kijana mmoja anayejifunza ualimu, aliyekuwa mazoezini katika shule ya Temeke, akatuonyesha kazi yake. Alikuwa amechora mstari katikati ya ubao, upande mmoja akaandika "amelala" na upande wa pili Kiingereza chake. Kisha akawaambia watoto walete maneno mengine yaliyo kama hilo. Wakaleta amekaa, amesimama, amevaa, amechoka, ameshiba. Na mtoto mmoja wa nyuma akaleta "amekufa," likazuka bishano kubwa kama ni tendo au ni hali. Kengele ikalia wangali wanabishana, wakamwomba asifute ubao mpaka kesho.